Kobe mwenye kupe hajazaliwa bandani

Mhariri,

Juzi kijana mmoja hapa Kisauni aliniletea kobe ndani ya karai anauza, ati wa kufugwa huyu, kazaliwa nyumbani kwa mjomba wake. Nikamshika nikamgeuza. Gamba limekwaruzika kote kama sufuria kuukuu, alafu pale mguu wa nyuma unapoingia kwenye gamba kuna kupe watatu wamejaa damu mpaka wameng'aa. Kobe wa bandani hao kupe kawatoa wapi? Nikamwambia kijana wangu, huyu umemtoa porini. Akafunika karai akaenda zake.

Kupe si jambo dogo, mwaka 2000 Marekani walipiga marufuku kuingiza aina kadhaa za kobe wa Afrika kwa sababu hiyo hiyo, waliogopa ugonjwa unaoua ng'ombe na mbuzi.

Mimi sipingi kufuga. Anayezalisha kweli namuunga mkono, manake kila kinda anayezaliwa bandani ni mmoja asiyetolewa porini, na wale wa porini wengi hufa njiani kwa kiu na kubanana. Shida ni huo uongo wa "kazaliwa bandani". Chukua yule kobe bapa kama chapati, anayeishi kwenye nyufa za mawe kule Kitui na Tharaka. Anataga yai moja tu kwa mara, basi mtu akikwambia kwa mwaka anauza mamia na majike anao wachache, piga hesabu mwenyewe. Kenya tulizuia kumsafirisha nje tangu 1981, na 2019 CITES, ule mkataba wa mataifa wa kusimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ukampandisha orodha ya juu kabisa ya ulinzi, lakini ufa ukishavunjwa ili atolewe haurudi, na kobe mwengine hapati pa kujificha.

Tanzania nako, msitu wa Kimboza kule Morogoro, kuna mjusi mdogo wa buluu anaishi kwenye mikadi, ukoo mmoja na mkadi ambao mama zetu hutia maua yake kwenye vikuba. Watafiti walikadiria zaidi ya mijusi elfu 30 ilitolewa kati ya 2004 na 2009, tena wengine walikuwa wakikata mti mzima kumshika mjusi mmoja! Na mjusi huyu huzaa vizuri tu akifugwa, wafugaji Ulaya wanamzalisha majumbani mwao, sasa msitu mdogo kama ule ulikuwa na haja gani ya kuharibiwa?

Ombi langu kwa wanaotoa vibali, msiridhike na karatasi. Nendeni bandani mkahesabu majike, mayai na vifaranga, mgeuze gamba muangalie. Na nyinyi vijana wenzangu wa mtaani, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inataka kibali hata kwa huyo kobe mmoja wa uani.

Yule kijana sijamuona tena, na sijui yule kobe kaishia kwa nani.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa