Kompyuta ikisema gari ni nzima, mwenye gari ndo muongo?

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu.

Gari yangu ilikuwa inazima ikiwa kwenye mwendo. Sio kila siku, na huo ndo ubaya wenyewe, inaweza kukaa wiki tatu haina neno halafu siku moja unapita kwenye tuta au kishimo kidogo tu, taa za dashibodi zinawaka zote kwa pamoja, injini kimya, usukani unakuwa mzito hukati kona, na nyuma yako kuna lori linakuja. Nikaipeleka kwa walioniuzia, wakachomeka kompyuta yao wakanambia gari haina kosa, labda ni uendeshaji wako. Nikarudi tena, jibu lile lile. Mara ya tatu hata hawakuichomeka.

Aliyekuja kugundua ni fundi wa kawaida tu, wala hakugusa kompyuta. Alikaa kiti cha dereva akawasha gari, akashika rundo langu la funguo (za nyumba, za geti, za stoo, zote natembea nazo pamoja) akalivuta chini taratibu kwa kidole kimoja. Gari ikazima. Akanambia swichi ya ufunguo imelegea, rundo likirukaruka ufunguo unarudi nyuma wenyewe na gari inaona umeizima. Ndo maana kompyuta haikuona kitu, kwa yenyewe hiyo sio hitilafu, ni amri ya dereva!

Nilivoanza kusoma nikakuta kumbe hii ni hadithi ya zamani. General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, mwaka 2014 waliita magari kama milioni 2.6 yarudi kurekebishwa, Chevrolet Cobalt na mengine, kosa ni hilo hilo, swichi laini na ufunguo unateleza, na ukishateleza eabegi (ile mifuko ya hewa ya kukukinga kwenye ajali) nazo hazifunguki wakati ndo unazihitaji. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Na wahandisi tatizo walikuwa wanalijua miaka mingi kabla, ikafika mahali wenye magari wanashauriwa wapunguze uzito kwenye funguo zao, yaani mzigo anarudishiwa mnunuzi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo swichi ilishawahi kuboreshwa kimyakimya ila namba ya kipuri ikaachwa ile ile, kwahiyo anayechunguza ajali hawezi hata kutofautisha ya zamani na mpya. Sasa hapo mama aliyepoteza mtoto anaambiwaje kwamba mwanao alikuwa anaendesha vibaya?

Kuna na hili la sisi tunaonunua gari zilizotumika. Kiwanda kikigundua kosa kinaandika barua kwa mwenye gari, sawa, lakini gari ikishapita mikono mitatu na kuvuka bahari hiyo barua inamfikia nani? Angalia eabegi zilizotengenezwa na Takata, kampuni ya Japani, ile kemikali ya kuzijaza hewa inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka, ikilipuka inapasua chombo chake cha chuma na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Maana yake gari inavozidi kuzeeka ndo hatari inazidi, na gari kuukuu ndo hizo tunazonunua sisi. Namba ya chesisi ni herufi na tarakimu chache tu, viwanda vingi vinakuruhusu kuiingiza kwenye tovuti yao ukajua kama gari ina kosa halijarekebishwa. Muuzaji anashindwa nini kufanya hivyo kabla hajachukua hela ya mtu?

Na karakana nazo ziandike. Mtu akija akisema gari imezima barabarani andika tarehe, kilomita ngapi, ilikuwa kwenye tuta au kwenye lami nzuri, hata kama mashine haijaonyesha kitu, na umpe nakala yake. Wakilalamika watu 40 kitu kimoja bila kujuana hapo tayari pana kosa la kiwandani, ila litaonekanaje kama malalamiko yote 40 yaliishia mdomoni?

Mimi safari zangu tatu hazikuandikwa popote. Nilipoomba karatasi niliambiwa hakuna kosa lililoonekana kwahiyo hakuna cha kuandika.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi