Kagera, Mutukula, Kampala: tuweke tarehe kwanza, ndipo tugombane

Ndugu Mhariri,

Kila Siku ya Mashujaa inapokaribia, ukurasa wako wa barua hujaa Vita vya Kagera, na mwaka huu ni vilevile. Msomaji mmoja ameandika kwamba anayehoji safari ya jeshi letu hadi Kampala anawakosea adabu marehemu wetu. Mwingine akamjibu kwamba vita vile ndivyo vilivyotutia ufukara, tena Mwalimu Nyerere alikuwa akimpigania rafiki yake Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Idi Amin. Ukizisoma barua hizo kwa utulivu unagundua kwamba hawabishani. Wa kwanza anazungumzia Novemba 1978, wa pili anazungumzia Aprili 1979, na kila mmoja anadhani mwenzake amekanusha la kwake.

Tatizo ni jina. "Vita vya Kagera" ni jina moja tulilolipa jambo lililodumu miezi saba na kubadilika sura mara tatu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakakalia eneo lililo kati ya mpaka na Mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni ya Uganda. Tarehe 3 daraja la Kyaka, la kuvukia Mto Kagera, likalipuliwa. Jeshi letu lilivuka kwa daraja la kuelea mwezi huohuo, na Januari ilipoanza adui alikuwa amekwisha kutoka. Sehemu kubwa ya eneo ilirudi bila mapigano makali, kwa sababu Waganda walikuwa wamekwisha kuondoka na ng'ombe na mali walizopora. Kuhusu awamu hii sijawahi kusikia Mtanzania mwenye akili timamu akisema tungekaa kimya.

Awamu ya pili inaanzia Mutukula, mji wa Uganda ulio mpakani, uliotekwa kati ya tarehe 21 na 22 Januari 1979. Sababu yake ya kijeshi inaeleweka hata kwa asiyewahi kushika bunduki: Mutukula iko kwenye mwinuko, na mwenye mizinga juu ya mwinuko ule anaitawala Kagera yote iliyo chini yake. Kurudi nyuma na kumwachia Amin kilima kungekuwa kumkaribisha tena. Lakini kilichofuata hapo hakisemwi kwenye hotuba za Siku ya Mashujaa kila Julai. Mji ule ulisawazishwa kwa matingatinga, na raia waliuawa. Mwalimu alipopata habari alikasirika, akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata, na humo nako majengo yalilipuliwa kulipiza yaliyofanywa Kagera. Anayeandika juu ya fahari ya jeshi letu ana haki ya kujivuna, ila aandike na hayo. Waganda wa Masaka hawajayasahau, nao ni majirani zetu.

Awamu ya tatu ndiyo yenye ugomvi wa kweli. Mpango wa awali haukuwa jeshi letu kuingia Kampala. Hesabu ya Mwalimu ilikuwa kwamba Masaka na Mbarara zikishaanguka, Waganda wenyewe, walioko ndani na waliokuwa uhamishoni, watamng'oa Amin. Hawakumng'oa. Kisha Gaddafi wa Libya akaleta askari wake kumwokoa mshirika wake, na hesabu yote ikavurugika kwenye kinamasi cha Lukaya.

Inafaa kuitazama Lukaya kwa karibu, maana hapo ndipo uamuzi ulipogeukia. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita juu ya tuta lililozungukwa na maji na matete, kwa hiyo jeshi linalosonga hapo husonga kwa mstari mmoja, na mbele wanaoweza kupigana ni wachache tu. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo walioingizwa jeshini miezi michache tu nyuma, ilipigwa kwa makombora ya mfululizo. Mgambo hawakuwa wamewahi kusikia mlio ule. Wengi walirudi nyuma kwa taharuki. Amri ikatolewa kwa Brigedi ya 208 izunguke usiku kucha kupitia upande wa kaskazini-magharibi, na alfajiri ya tarehe 11 Walibya na Waganda wakajikuta wamebanwa mbele na ubavuni. Mwisho wa mwezi huo ndege ya Libya ilikuja kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, na walioumia ni wanyama wa kisiwa cha Saanane. Tarehe 7 Aprili Entebbe ikaanguka, na tarehe 11 Kampala ikawa mikononi mwetu. Vita vilikwisha tarehe 3 Juni, jeshi lilipofika mpaka wa Sudan.

Sasa swali. Je, baada ya Lukaya ilikuwa sahihi kuendelea? Hilo linaweza kujadiliwa bila mtu kuitwa msaliti. Anayesema ndiyo atauliza ungemwachaje Amin akiwa na Walibya kilomita mia moja hivi kutoka ulipo. Anayesema hapana ana hoja nzito vilevile: Mkataba wa OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1963 ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na mwaka mmoja baadaye, Cairo, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyependekeza azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Amin ndiye aliyelivunja azimio hilo alipojitwalia Kagera, na OAU haikumlaani. Sisi nasi tulipoingia Kampala tuliugusa Mkataba. Pale Monrovia, kwenye mkutano wa OAU wa Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema hadharani, na serikali yetu ikachapisha kijitabu cha kujieleza. Hapa nyumbani hapakuwa na jukwaa la mabishano kama hayo. Chama kilikuwa kimoja, redio moja, na magazeti yalikuwa ya chama na serikali. Nadhani ndiyo maana barua za leo zina moto namna hii: ni mjadala ulioahirishwa zaidi ya miaka arobaini.

Kuhusu Obote, hoja ipo lakini haifiki mbali inakopelekwa. Ni kweli alipewa hifadhi hapa tangu 1971, na Septemba 1972 watu wake walivamia Uganda kutokea kwetu wakashindwa vibaya, mpaka yakafikiwa makubaliano ya Mogadishu Oktoba ile. Lakini mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi Machi 1979, ulimchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi, na ndiye aliyeapishwa Kampala. Obote alirudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980, jeshi letu likiwa bado liko Uganda. Hapo ndipo pa kuuliza maswali, kama mtu anataka kuuliza. Wanaonong'ona vijiweni kwamba vilikuwa vita vya dini wakumbuke tu kwamba Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa na Mkuu wa Majeshi Abdallah Twalipo.

Na umaskini? Gharama inayotajwa sana ni dola za Marekani milioni 500, na kwa nchi yetu ya wakati ule hilo ni gogo la kubebwa na watu wengi. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Mkanda haukulegea, na kufikia 1983 tulikuwa tukiwasaka wahujumu uchumi kwa sababu ya sabuni na sukari. Lakini anayeitwisha vita mzigo wote anasahau kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 tukaanza kununua upya mabehewa na ndege, bei ya kahawa iliporomoka baada ya mwaka huohuo, na mafuta yakapanda tena mwaka 1979 kufuatia mapinduzi ya Iran. Kuitenga senti ya vita na senti ya mafuta ni kazi ya mchumi mwenye vitabu vya hesabu mbele yake, na barua ya aya tatu haiiwezi.

Takwimu za vifo nazo huharibiwa kila mwaka, na huharibiwa kwa njia ileile. Idadi inayonukuliwa zaidi ya askari wetu waliokufa ni 373. Mwandishi mmoja akaiandika kama "waliouawa vitani", wa pili akaongeza "zaidi ya", wa tatu akaifanya maelfu. Kati ya hao 373, waliokufa katika mapigano ni 96, wengine ni ajali na sababu nyingine. Ukichanganya makundi hayo mawili unapata vita ambavyo havikuwapo. Na kuna kundi la tatu ambalo karibu halitajwi: raia wa Kagera, wanaokadiriwa 1,500, yaani karibu mara nne ya askari wote. Gofu la kanisa la Kyaka bado limesimama, kuta zake zimetobolewa, na wapita njia hupiga picha. Majina ya waliokufa upande ule wa mto hayasomwi kwenye gwaride lolote ninalolijua, na kwangu hilo ni aibu kuliko swali lolote kuhusu Kampala.

Hata maneno ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978, alipotangaza kwamba tutampiga Amin, tunayageuza. Mabango yanasema "nia, sababu na uwezo". Yeye alianza na uwezo wa kumpiga, ikafuata sababu, nia ikaja mwisho. Sentensi hizo tatu hazitaji mahali. Haziungi mkono Kampala wala haziipingi, kwa hiyo tusizitumie kama rungu.

Kwa vijana wanaotaka kuandika barua zao mwakani, kazi ya maandalizi haizidi siku mbili. Magazeti ya Uhuru na Daily News ya kipindi kile yatafutwe Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi, au katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Usiombe "habari za vita", utaletewa rundo. Omba kwa tarehe: wiki ya kwanza ya Novemba 1978, wiki ya mwisho ya Januari, wiki ya pili ya Machi, wiki ya pili ya Aprili. Sheria ya nyaraka ya mwaka 2002 inafungua kumbukumbu za serikali baada ya miaka 30, ingawa mambo ya ulinzi yana milango yake, kwa hiyo usishangae ukijibiwa kwamba faili fulani halitolewi.

Halafu nenda kwa wazee. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70, na Dar es Salaam ina wengi, kuanzia Mbagala hadi Kunduchi. Wanakosea tarehe kama sisi sote tungekosea, maana aliyeko kwenye handaki hana kalenda. Usimuulize mzee "ilikuwa tarehe ngapi?" Muulize sikukuu. Maulidi ya mwaka ule iliangukia karibu na tarehe 10 Februari, kati ya Mutukula na Masaka. Kampala ilianguka Jumatano ya wiki ya Ijumaa Kuu. Kwa vigingi hivyo viwili mzee atajipanga mwenyewe, na utashangaa jinsi mengine yatakavyofuata. Mwandikie jina la kikosi kama anavyolitamka, usimsahihishe mbele yake. Asiulizwe aliua wangapi. Swali hilo huwafunga mdomo wale wenye la kusema na kuwafungua wale wasio nalo. Anza mtoni: shikamoo mzee, ulipofika Kyaka, daraja la kuelea lilikuwa limekwisha kuwekwa?

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam