Regulata haiharibiwi na kina, huharibiwa na ndoo

Juzi mteja wetu mmoja, baba wa watoto watatu wanaopiga mbizi pamoja naye, alituletea regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji, akisema imekuwa nzito kuvuta. Tulipofungua hatua ya kwanza, sehemu inayofungwa kwenye mtungi, kile kichujio kidogo cha chuma mahali hewa inapoingilia kilikuwa kijani kibichi. Rangi hiyo tunaijua: maji ya chumvi yalipita, yakaanza kula shaba. Naye alikuwa anaiosha kila siku baada ya kuzamia! Tatizo lilikuwa jinsi alivyokuwa akiiosha.

Alikuwa anaitumbukiza yote kwenye ndoo ya maji baridi, kifuniko cha vumbi, kinachoziba tundu la kuingilia hewa, kikiwa kimelegea, kisha anabonyeza kitufe cha kutoa hewa ili "isafishike ndani". Hapo ndipo hasara ilipoanzia. Regulata isiyo na hewa ukiibonyeza kitufe, valvu ya hatua ya pili, ile sehemu ya mdomoni, inafunguka, na maji yanapanda kwenye mpira wa hewa hadi hatua ya kwanza.

Njia nzuri ni kuiosha ikiwa bado imefungwa kwenye mtungi na hewa imefunguliwa. Hapo bonyeza upendavyo. Kama mtungi umesharudishwa, kausha kifuniko kwa kitambaa, kikaze sawasawa, loweka kwenye maji ya uvuguvugu kabla chumvi haijakauka, na kitufe usikiguse. Kifuniko usikikaushe kwa kukipulizia hewa ya mtungi. Kelele ni nyingi na matone yanaweza kurukia pale pale usipoyataka.

Kuna kipimo cha bure unachoweza kufanya nyumbani. Regulata ikiwa haina hewa na kifuniko kimeziba vizuri, weka mdomoni uvute taratibu. Inatakiwa ikatae kabisa. Ikikupa hewa, kuna mahali panavuja: mara nyingi ni mpira wa mdomoni uliotobolewa na meno, hasa ya watoto, au valvu ya kutolea pumzi iliyokunjika. Mpira wa mdomoni utaubadilisha mwenyewe kwa kifungio kipya cha plastiki. Hatua ya kwanza je? Hapana, hata kama una spana na umetazama video tatu. Sisi hufunga geji ya shinikizo kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye jaketi la kuelea na kuangalia mshale: kwa regulata nyingi husimama karibu na bar 9 au 10. Ukiendelea kupanda polepole, kiti cha valvu, pale valvu inapozibia hewa, kimechakaa, na hilo huwezi kulisikia kwa sikio.

Watengenezaji wengi hutaka huduma kila mwaka au baada ya mizamio 100, wengine hutoa miaka 2. Soma kitabu cha regulata yako kabla hujatulipa.

Jaketi: mimina maji safi ndani kupitia mpira wa kujazia, tikisa, geuza, mwaga, kisha liache na hewa kidogo kivulini. Suti itundike kwenye kiango kipana. (Yanayotokea ndani ya suti baharini hatuulizi, ila ioshe.)

Kuhusu kununua, tunasema jambo ambalo si la kibiashara sana: familia yenye bajeti ndogo isinunue mitungi wala vyuma vya uzito. Kodisheni. Mtungi unahitaji kukaguliwa ndani kila mwaka na, katika nchi nyingi, kupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5, na gharama hiyo inakuja hata usipozamia. Mtungi wa mitumba wa alumini ya aloi 6351, wa miaka ya 1970 au 1980, uacheni hata mkipewa bure. Shingo zake zinajulikana kwa kupasuka. Anzeni na barakoa, kila mtu yake, kwa sababu nyuso hazifanani. Suti za watoto zirithishane.

Ukituletea regulata, njoo na kifuniko chake. Nyingine zinafika hapa zimezibwa kwa mfuko wa nailoni na raba bendi.