Shangazi, nilimfuta uji tu

Shikamoo Shangazi. Ni saa tisa usiku, naandikia jikoni ili mwanga wa simu usimsumbue baba watoto, ingawa najua naye hajalala. Tangu tutoke hospitali, alikokatwa taya, hakuna anayelala humu ndani.

Kwanza nieleweke: mimi sina kinyaa. Wifi yangu kawatangazia ndugu wote kwamba namwonea mume wangu kinyaa. Aliyekaa naye wodini nani? Nani alikuwa anamsukumia mtori kwa bomba la sindano kupitia mpira wa puani, mtori niliousaga nikauchuja kwa chujio la chai ili mpira usizibe? Yale mate yenye damu yaliingia kwenye kanga zangu, si zake.

Kilichotokea ni hiki. Siku ya Idi walikuja wageni, na wenzake wa mnadani wakiwemo. Akatoka kuwasalimia, nikafurahi, maana alikuwa hatoki chumbani kabisa. Wageni nikawapakulia pilau, yeye uji wake na kijiko. Sasa Shangazi, mdomo wake wa chini upande ule hausikii kitu. Daktari alitueleza mapema kwamba mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya, na mfupa ukitoka nao unatoka, kwa hiyo kitu kikimwagika hawezi kujua. Uji ukashuka mpaka kidevuni, ukaanza kudondokea kanzu mpya. Sebule nzima wakainamia pilau zao. Nikachukua ncha ya mtandio nikamfuta. Basi. Nilimfuta tu. Mke gani angemwacha?

Akainuka akaingia ndani. Hata dakika haikupita, simu yangu ikalia, meseji kutoka kwake: "Mimi sio mtoto wako." Wageni wananiangalia, mimi naisoma huku natabasamu. Mpaka leo ipo, kila usiku naifungua.

Tangu hapo anakula chumbani, mlango umefungwa, na anayeruhusiwa kuingia ni wifi. Anamwinulia kidevu, Shangazi. Niliona mlango ulipoachwa wazi kidogo. Anafumba macho, anainua kidevu, dada yake anamfuta, anampa maji ya chumvi asukutue, anamshikia beseni. Mimi niliyezaa naye nimesimama koridoni na taulo mkononi.

Wanasema siku anafunguliwa bendeji nilitoka. Nilitoka kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana yake na harufu ya dawa ilinizidi, na nesi mwenyewe ndiye aliyeniambia nikakae nje. Wifi siku hiyo hakuwepo. Ameyaona wapi?

Mtaani nako wameshamuua. Kansa, kansa. Daktari alisema si saratani, ni uvimbe unaoota ndani ya mfupa, unakua polepole na hauumi, ndiyo maana tulianza kwa kung'oa jino tukidhani ni jino, shavu likaendelea kuvimba. Kwenye eksirei mfupa ulionekana kama povu la sabuni. Tukaambiwa wakiukwangua tu unaweza kurudi, lazima wakate mpaka wafike kwenye mfupa mzima, halafu waweke chuma kushikilia. Basi wakakata, na kliniki atahudhuria miaka na miaka. Wifi ndiye aliyetaka twende kwa mganga, hilo halitangazi.

Nesi mmoja wa kliniki, Mungu ambariki, aliniona nalia kwenye benchi akanivuta pembeni. Akasema watu wa namna hii wanauomboleza uso wao, na wengine hasira zote wanampa aliye karibu. Akanifundisha nisimfute, ila nikiona kitu nishike kidevu changu mwenyewe, iwe ishara yetu, yeye ajifute. Nilimweleza mume wangu, akaitikia kwa kichwa. Siku ya kwanza nikashika, akajifuta, nikasema Alhamdulillah. Kesho yake nikashika tena, wifi akadakia, "Mbona unamwiga mgonjwa?" Mume wangu akanitazama, Shangazi, kama vile kweli nilikuwa namwiga. Ishara ikafia hapo.

Kioo cha kabatini amekigeuzia ukutani. Akitoka anavaa barakoa, zile zilizobaki za wakati wa korona, na majirani sasa wanamhisi TB. Mtoto wetu mdogo tu ndiye anayepanda kitandani na kumgusa pale palipobonyea, "Baba panauma?", naye anacheka, mdomo unakwenda upande. Mimi nikigusa anageuza uso.

Na kazi yake ni mdomo. Amesomesha watoto kwa kunadi mitumba, sauti unaisikia kabla hujafika sokoni. Sasa "buku" haitoki sawasawa, midomo haikutani vizuri. Wenzake wamesema wamemtunzia nafasi yake, ila nilimwona kijana mwingine amesimama juu ya ile meza.

Sijui hata nimeanza kwa lipi. Nilitaka kuuliza nimwondoeje wifi arudi kwake Kibaha bila kuvunja undugu. Amekaa mno, anapanga mpaka mboga. Lakini juzi alipokwenda msibani nilibaki na lile beseni na sindano ya kusafishia, mikono ikatetemeka, mimi ndiye niliyempigia kumuuliza anarudi lini. Si kinyaa. Niliogopa ataniandikia tena.

Kuna jambo jingine. Daktari alisema jeraha likishatulia wanaweza kumfanyia operesheni ya pili, wachukue mfupa wa mguuni au nyongani waujenge pale kwenye taya, na baadaye hata meno yawekwe. Mume wangu hataki. Amenionyesha kwenye simu: "Nimechoka kukatwa." Nami ninamwelewa, fedha zenyewe tulikopa kikoba na kiwanja kimekwenda, na nikikumbuka ile siku anatoka theatre sitaki ashikwe na kisu tena. Lakini nataka afanyiwe. Nikisema nataka, je, si nitakuwa nimethibitisha maneno ya wifi? Atasema, umeona, hamtaki alivyo. Na Shangazi, nataka kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Usiku nafungua picha za harusi nazitazama, halafu nazizima haraka akijigeuza. Hilo ni kosa? Ni mume wangu, uso ule niliuzoea, sijauzoea huu, ila yeye nampenda. Nampenda, usinielewe vibaya.

Jumanne ni kliniki. Daktari atauliza tumeamuaje, atatuuliza wote wawili, wifi akiwa amekaa hapo hapo. Niseme ninachotaka au ninyamaze nimwachie mwenyewe? Na akidondosha kitu njiani ndani ya daladala, mbele za watu, nimwambie, nishike kidevu changu, au nitazame dirishani kama wageni walivyoinamia pilau?

Nilimfuta tu, Shangazi.

Ukijibu, mambo ya Idi na Kibaha yaondoe. Wifi anakusoma kila wiki.