Wanafunzi wa kupiga mbizi waachwe waulize

Mhariri,

Mimi ni msaidizi kwenye boti za wapiga mbizi huku Nyali na Bamburi. Najaza mitungi, nafunga vifaa, na nahodha akinihitaji nateremka na wageni. Naandika kwa sababu vijana wetu wa Kisauni na Likoni nao sasa wanaisomea kazi hii, na baadhi yao wanafundishwa kwa kukaririshwa: ni hivi, basi, usiulize.

Juzi kijana mmoja alimwona mgeni ana mpira mrefu wa kupumulia, kama mita mbili, umepita kifuani ukazunguka shingo. Akamuuliza mwalimu wake sababu. Akaambiwa ni mbwembwe tu, asimtazame. Nilinyamaza, boti haikuwa yangu. Lakini jibu lipo, tena si gumu. Mpira ule ulitokana na wazamiaji wa mapango ya Florida, ambako wawili wanaogawana hewa hupita tundu jembamba mmoja nyuma ya mwingine. Mwenye mpira huo humpa mwenzake kipumulio anachopumulia mwenyewe, kisha hushika cha akiba kinachoning'inia chini ya kidevu. Shule zetu nyingi hufundisha kwamba cha akiba, chenye mpira wa manjano, ndicho cha mwenzako. Njia zote mbili huokoa. Balaa ni wawili kuteremka pamoja kila mmoja akitarajia yake, na boti zetu msimu mzima huchanganya watu wa shule tofauti.

Najua walimu watasema anayeanza akisikia maneno mengi atachanganyikiwa. Kwa siku za bwawani nakubali. Afunzwe njia moja mpaka mikono izoee. Na yapo yasiyo na mjadala: usizuie pumzi unapopanda, maana hewa uliyoivuta mita 10 chini hutanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu yatapasuka. Lakini hata kasi ya kupanda, wanamaji wa Marekani waliifuata mita 18 kwa dakika kwa miaka mingi kabla ya kuipunguza hadi 9. Aliyesoma zamani na aliyesoma jana wanakutana kwenye kamba moja ya kupandia, mmoja anamwacha mwenzake chini.

Risasi za kiunoni, yaani vipande vizito vya kumsaidia mtu azame, nazo zina ubishi wake. Mwalimu huyu humfunga mwanafunzi kilo nyingi ili atulie magoti mchangani. Yule humpunguzia, amfundishe kuelea tangu mwanzo. Mimi ni wa huyo wa pili. Hapa ni hifadhi ya bahari tangu 1986, na mtu mzito asiyejua kuelea hutua juu ya matumbawe.

Halafu kuna pesa, jambo ambalo halisemwi. Mara nyingi mwalimu ndiye mwenye duka. Jaketi la kuelea analolisifu ndilo analouza, na kijana anakopa kwa mjomba kulinunua kabla hajajaribu jingine.

Ombi langu kwa shule za pwani: kusi likiisha, kabla boti hazijajaa, walimu wa shule mbili tatu wakutane bwawani na vifaa vyao. Kila mmoja aeleze mbele ya wanafunzi kwa nini anavaa anavyovaa, na mwenzake aruhusiwe kumpinga. Kisha vijana wavae wenyewe, waingie majini.

Msaidizi wa boti,
Bamburi, Mombasa