Jumamosi: njooni na vipande vya majaribio

Habari zenu wapendwa. Picha za majaribio yenu ya kuchanganya rangi, karatasi na kitambaa nimeziona. Zimenifurahisha, hasa zile zilizoharibika, maana ndizo zenye cha kujadili!

Wengi mmeuliza kwa nini picha ya kuchapisha huvuja rangi ikipakwa gundi. Wino wa printa nyingi za nyumbani ni wa maji, na gundi nyeupe nayo ina maji, sasa usivuje kwa nini? Tumieni printa ya leza au fotokopi. Wino wake ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto, haujali maji.

Kuhusu mikunjo ya karatasi mnayobandika: pakeni tabaka jembamba la gundi kwenye karatasi na kwenye kadibodi ya chini pia, kisha sukumeni hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ngumu. Taratibu, karatasi iliyolowa huchanika upesi.

Rangi ya mafuta juu ya akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) iliyokauka, sawa. Kinyume chake itabanduka tu.

Nyuma ya kila kipande andikeni mlichotumia na kilichotangulia. Mwenye rangi ya kupuliza aniambie mapema, tutafute sehemu yenye hewa.