Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kaunti ya Kilifi: kuku wanakohoa, tunaomba jibu la maabara

Daktari,

Salamu kutoka Ganda, Malindi. Nakuandikia mimi mfugaji wa kuku wa mayai, na ninayoyasema wenzangu wengi huku wanayajua.

Ugonjwa wenyewe husikika kwanza usiku. Ukisimama mlangoni taa zimezimwa, banda zima linakoroma, kuku wanapiga chafya na kutikisa vichwa. Asubuhi unaweza kudhani wamepona. Siku chache baadaye mayai ya kahawia yanatoka yamepauka, mengine ganda limekunjamana, mengine laini hata yanabonyea kidoleni. Ukilivunja bakulini, ute haushiki kiini, unakimbia kama maji. Wateja wa hoteli hawataki hata kuliona yai la namna hiyo, na chakula cha kuku kinanunuliwa vilevile, watage wasitage.

Dalili hizi ni za bronkaiti ya kuku, ugonjwa wa kirusi cha jamii ya korona. (Wanunuzi wasiogope: hiki hakimwambukizi binadamu.) Kuku akikivuta leo, kesho au kesho kutwa anakohoa, na banda lote linafuata. Lakini kideri nacho chaweza kuanza kwa kukohoa, na kideri kinafagia banda zima. Kwa macho na masikio peke yake hakuna anayeweza kuapa ni kipi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Basi mfugaji anakwenda dukani, anaeleza, anauziwa antibiotiki. Jirani yangu aliuziwa aina mbili kwa mpigo. Antibiotiki haiui kirusi. Kazi yake ni kwa bakteria wanaoingia koo likishaharibika. Na huku kuku wanakunywa dawa, mayai yanaendelea kwenda sokoni na mabaki yake ndani. Tunawalisha watu nini?

Chanjo tunachanja. Ila bronkaiti ina aina nyingi, na chanjo ya aina moja haikingi sawasawa dhidi ya nyingine zote. Bila kujua ni ipi inayozunguka Malindi, tunabahatisha kwa pesa zetu. Tena wengi wanaichanganya chanjo hai na maji ya mfereji yenye klorini, ikafa kabla kuku hajaigusa, wala hakuna aliyewaambia kwamba maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kidogo tu majini, yanaiokoa.

Linaloniuma zaidi ni vifaranga. Kikiugua wiki mbili za kwanza, mrija wa mayai waweza kuharibika kabisa. Kuku anakua, kilemba kinaiva, analishwa miezi mitano, mwisho hatagi hata yai moja. Mama aliyekopa chamani kununua vifaranga hao atalipa na nini?

Daktari, ombi langu ni moja. Maabara ya mifugo ya kanda iko Mariakani, humu humu kaunti yetu. Tuwekee utaratibu: banda likianza kukohoa, mfugaji apige simu, afisa wa wadi achukue sampuli mapema kabla ya dawa yoyote, na jibu lirudi kwa mwenye banda na kwa majirani zake pia. Jibu likijulikana, tutajua chanjo ya kuagiza, na tutajua lini kuwafungia njia wachuuzi wanaozunguka na matenga yale yale na trei zile zile za karatasi, banda hadi banda. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo, ndiyo maana nimekuandikia wewe, si Nairobi.

Kama kikwazo ni gari au barafu ya kusafirishia sampuli, tuambie waziwazi. Tuko tayari kuchanga. Tunachokuomba ni namba ya simu ya kupiga, na mtu wa kuipokea, kabla ya kusi kuingia na watu kuanza kushusha maturubai ya mabanda.

Wako,
Mfugaji wa kuku wa mayai, Ganda